Kanga ya Josepha

Duka langu liko Isevya, mjini Tabora, na nimeuza kanga tangu baba alipochoka kuziuza, kwa hiyo wateja nawajua kwa tabia. Kuna anayekuja kununua na kuna anayekuja kuangalia kama nimenenepa. Benigna Ndayisenga hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Alikuja mara moja kwa mwaka, siku za mwisho za Januari, akitoka Ulyankulu na tope la masika hadi kwenye vifundo vya miguu, na kabla ya kuangalia rangi alisoma maandishi. Kanga yenye maneno ya kumsema jirani aliirudisha. Yenye maneno ya mapenzi aliirudisha pia. Nikamwambia ukiondoa majirani na mapenzi kanga zitabaki tupu. Akasema atasubiri, na kweli alisubiri, kwenye kiti changu.

Mwisho alichukua zile zinazomtaja Mungu, doti moja kwa kila mama aliyekuwa mjamzito kijijini kwao mwaka huo. Nilipomuuliza za nini, hakuficha. Kwao, jioni ya mwisho ya Januari, mwanamke anaanika kanga nje, kwenye kamba au juu ya kichaka, anaiacha hapo hadi asubuhi. Usiku huo Mtakatifu Brijida anapita kwa miguu, na kila nguo anayoikuta anaigusa. Asubuhi unaianua, unaikunja bila kuifua, unaitunza hadi siku ya kujifungua. Mwenye uchungu anafungwa kiunoni, au anaishika tu. Nikauliza mvua ikinyesha inakuwaje. Akasema inalowa.

Alisema ni mila ya kwao Burundi, ameipata kwa marehemu mama yake, Josepha. Sikubisha. Katika mambo ya asili mimi si mtu wa kumbishia mwenzangu. Baba yangu, mzee Ghalibu, alisema hadi anakata roho kwamba sisi ni watu wa Oman. Babu wa babu yake alikuja na misafara, akafika Kwihara, akaoa Mnyamwezi. Mwanawe akaoa Mnyamwezi, mjukuu naye vilevile, na baada ya hapo tukaendelea kuwa watu wa Oman. Nyumbani kila kitu kizuri kilitoka huko. Mama alikuwa na namna yake ya kupika mlenda wa karanga, na mlenda huo nao ulikuwa wa Oman.

Benigna alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka michache baada ya wazazi wake kukimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Burundi yenyewe hajawahi kuiona. Alikulia kwenye tumbaku na mahindi, akaolewa na Minani, mwanamume niliyekutana naye mara nyingi dukani bila kuwahi kusikia sauti yake. Serikali ilipotaka kuwapa uraia iliwaambia kwanza wahame, wakatawanyike mikoa mingine. Benigna akafunga mizigo. Baadaye wakaambiwa wangoje kidogo, na wakangoja kiasi kwamba kuku walitotoa vifaranga ndani ya magodoro yaliyofungwa. Halafu wakaambiwa wabaki. Akafungua mizigo, akawahamisha vifaranga, akawa Mtanzania.

Hata hivyo Wanyamwezi wa jirani waliendelea kumwita Mrundi, na ndugu waliokuja kumtembelea kutoka Burundi walimwita Mtanzania. Yeye mwenyewe alikuwa na Kirundi cha nyumbani, na alikuwa na kanga ya Josepha, iliyokuwa ikianikwa kila mwaka kabla ya zile mpya. Nusu ya kijiji ilizaliwa kanga hiyo ikiwa imefungwa kwenye viuno vya mama zao. Mtu akimuuliza Burundi yake iko wapi, alikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Sasa, mwaka ninaousimulia alikuja mapema na hakusoma kanga hata moja. Alikuja na binti yake, Inamahoro, tumbo liko mbele. Inamahoro ameolewa Kigwa, na watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa huko Kigwa bila pumzi. Safari hii daktari alimtaka akae mjini, karibu na hospitali, na mjini Benigna hakuwa na mtu ila mimi. Nikamwambia nyumba ni yao. Akashukuru, akakaa kwenye kiti chake, akaniambia lililobaki.

Parokia yao ilikuwa imepata paroko mpya, Padre Silasi, kijana mwenye bidii na pikipiki. Alikuja na vita dhidi ya ushirikina, na kwa kuwa wachawi halisi hawajitokezi, vita vilikosa adui. Mtu mmoja akamtajia kanga. Padre akaenda hadi kwa Benigna, akaomba kuiona. Benigna alidhani amekuja kuibariki. Akaitoa sandukuni, akaishika kwa mikono miwili, akampa. Padre akaondoka nayo, akaifungia kwenye kabati la sakristia, na Jumapili akatangaza kwamba Mama Benigna hatapokea komunyo hadi asimame mbele ya waumini, aseme kwamba alichofundishwa na mama yake ni ushirikina na ameukataa. Benigna alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa, pamoja na wanaume wanaochelewa.

"Mama Fauzi," aliniambia, "nisimame niseme nini? Kwamba mama yangu alikuwa mchawi?"

Alirudi Ulyankulu na basi la mchana, akaniachia binti. Inamahoro alikuwa mgeni mwepesi, anasaidia kazi, hana makuu. Ila siku ya pili, akimenya viazi na mkwe wangu Khole, alisema bila kuinua sauti kwamba hospitali haendi mpaka kanga ya bibi ipatikane. Wale wawili wa kwanza aliwazaa mbali na kanga, akaona matokeo yake. Mimi niliona kwamba aliwazaa mbali na hospitali, lakini mjamzito habishaniwi. Nikamwambia tutaona. Usiku nilikosa usingizi nikihesabu wiki zilizobaki, na nilimchukia yule padre kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu kumchukia mtu asiyemjua.

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho ya Januari, gari lilisimama mbele ya duka akashuka mwanamke wa kizungu, mzee, mwembamba, mwenye msalaba mdogo kifuani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kufikiri, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto na za biashara kwa Kiswahili cha Tabora nilichokisikia mara ya mwisho kwa shangazi zangu. Alikuwa Sista Nuala. Alifanya kazi kwenye zahanati ya masista huko Ulyankulu wakati makazi yakiwa ya mahema, akizalisha, na sasa alikuja kuaga watu kabla umri haujamkataza kusafiri. Nikamuuliza Uingereza kuna baridi kiasi gani siku hizi. Akaiweka chini kanga aliyoishika.

"Mimi ni wa Ayalandi," alisema. "Waingereza walitutawala na sisi."

Nilikuwa sijui kwamba Wazungu nao hutawaliwa. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema muda wa kutosha watu kusahau lugha yao. Nikampa pole, akaipokea, akaendelea kuchagua. Nikaona anasoma maandishi kabla ya kuangalia rangi, anazirudisha za majirani, anazirudisha za mapenzi. Nikamuuliza kanga ni ya shughuli gani. Akasema ni ya kuanika nje jioni hiyo, desturi ndogo tu ya kwao, kwa ajili ya Mtakatifu Brijida.

Nilimsogezea kiti. Nikamtuma Khole akamwite Inamahoro nyumbani, ambapo ni nyuma tu ya duka. Sista akamtazama usoni, akauliza bibi yake ni nani, akatajiwa Josepha. Josepha ndiye aliyekuwa akimshikia taa wakati wa kuzalisha, Sista alisema. Desturi ya kanga ni yeye Sista aliyemfundisha Josepha, mwaka ambao dawa zilikwisha na akina mama walikuwa na hofu. Hata kanga ya kwanza ni yeye aliyemnunulia, hapa mjini, katika duka la Mwarabu mmoja mrefu asiyepunguza bei kwa ajili ya Mungu wala mtu.

"Huyo ni baba," nikasema.

Nikafunga duka siku ya Jumamosi, jambo ambalo baba asingelifanya hata kwa mazishi yake. Khole akabaki na Inamahoro, mimi nikapanda gari la Sista. Miaka yote nimewauzia watu wa Ulyankulu nguo na nilikuwa sijawahi kufika. Niliona mahindi, mabani ya kukaushia tumbaku, mizinga ya nyuki juu ya miti, na tope la aina zote.

Tulimkuta Padre Silasi sebuleni kwake. Benigna akaitwa, akaja na Minani, wakakaa karibu na mlango. Soda zikaletwa. Sista Nuala akaeleza yote polepole: jinsi bibi yake alivyokuwa akianika kitambaa, jinsi yeye alivyokuja na desturi hiyo hadi huku, jinsi alivyompa Josepha. Nilimwona padre akibadilika kadiri maelezo yanavyokwenda. Alianza amekunja mikono, akaja kuikunjua, mwisho akawa amesogea kwenye ukingo wa kiti. Ayalandi, alisema, nchi ya watakatifu na wamisionari, hilo ni jambo jingine kabisa. Akatoka, akarudi na kanga imekunjwa vizuri juu ya sinia. Niliitambua kabla hajaiweka mezani. Ilikuwa imechakaa hadi unaona mkono upande wa pili, lakini pindo lile la michoro ya korosho baba aliliagiza sana enzi zile, hadi sisi wanawe tukavalishwa zilizobaki.

Padre akasema kesho atawatangazia waumini kwamba kumbe hii si mila ya Warundi, ni ibada ya kale ya Ulaya, na kwa hiyo Mama Benigna hana kosa.

Wote tukamgeukia Benigna tumwone akifurahi. Hakuigusa kanga. Mimi kazi yangu ni kusoma nyuso upande wa pili wa meza, na niliona kwamba amerudishiwa kitambaa na kunyang'anywa vingine vyote. Nilitamani ningekaa dukani kwangu nikauza.

"Kumbe si ya kwetu," alisema.

Akamgeukia paroko wake. "Padre, juzi ilikuwa ya mama yangu, ikawa uchawi. Leo ni ya Sista, imekuwa ibada. Na nguo ni ileile."

Padre Silasi akaiangalia soda yake. Sista Nuala akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba kijijini kwao paroko pia aliikataza. Bibi yake ilibidi aanike nyuma ya zizi, mahali ambapo paroko hapiti kwa sababu ya viatu vyake. Naye aliiita ushirikina, ila kwa lugha nyingine. Padre akauliza kama labda katika vitabu vya Kanisa kuna mahali imeandikwa. Sista akasema anavyojua yeye hakuna.

Benigna hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa na swali lake, na nilimwona akiliogopa.

"Na wimbo, Sista? Nao ulimfundisha wewe?"

Sista akauliza wimbo gani. Benigna akaeleza kwamba mama yake alipokuwa anaanika alikuwa anaimba, na hakuanika hata mara moja bila kuimba. Sista akafikiri sana. Akakumbuka kumsikia Josepha nje ya wodi jioni kama hizo. Alidhani ni sala ya Kirundi.

"Sisi tunaanika kimya," alisema. "Zamani kulikuwa na maneno. Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kusema lugha ya kwao, akaacha kuyasema. Nilipozaliwa mimi nilikuta kitambaa na kimya. Nilimpa mama yako nilichokuwa nacho."

"Si sala," Benigna alisema. "Ni wimbo wa kuita ng'ombe jioni warudi zizini. Babu alikuwa nao wengi. Walipokimbia waliwaacha malishoni." Akaitazama kanga kwenye sinia. "Hapa hatujawahi kuwa na ng'ombe."

Sista Nuala aliivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kwao, alisema, Brijida ni mtakatifu wa ng'ombe. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumwambia Josepha jambo hilo. Hakuwahi. Wakati ule Kiswahili chake kilitosha kusema sukuma na pumua. Padre akauliza kama kuna anayehitaji soda nyingine.

Benigna akanyanyuka, akaichukua kanga kwenye sinia, akaiweka begani. Akamwambia padre kwamba hiyo habari ya Ulaya anaweza kuitangaza au kuiacha, ni juu yake. Yeye anataka kitu kimoja tu: aseme mbele ya watu walewale kwamba Josepha hakuwa mchawi.

Jioni hiyo aliianika nyuma ya nyumba, kwenye kamba iliyofungwa kati ya papai na nguzo ya jiko, na nyingine nilizombebea zikafuata. Mimi na Sista tulikaa kwenye vigoda. Aliimba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayefanya kazi. Kirundi sikijui, lakini kuita najua kunavyosikika, na baadaye aliniambia kwamba yale ni majina. Kila ng'ombe ana jina lake, na unawataja mmoja mmoja hadi waingie. Alikuwa akiwaita ng'ombe waliokufa zamani, katika nchi asiyoijua, na hakumruka hata mmoja. Nililia. Moshi wa jiko ulikuwa unaelekea upande mwingine, kwa hiyo sina cha kusingizia. Sista Nuala midomo yake ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa anajifunza.

Kesho yake kanisani umeme ulikuwa umekatika. Nilikaa nje dirishani na ushungi wangu, nikasikiliza. Padre Silasi alisema kwamba marehemu Josepha alikuwa mkristo mwema, aliyesaidia wengi wa waumini wale kuzaliwa, na kwamba yeye, paroko, alisema juu yake jambo lisilo kweli. Alisema bila kipaza sauti, ikabidi watu wa benchi za nyuma waulizane amesema nini, na likapita kanisa zima kwa kunong'onezana. Habari ya Ulaya hakuitaja. Benigna alipokea komunyo kanga ikiwa begani, haijafuliwa.

Inamahoro aliposhikwa na uchungu, siku chache baadaye, alikwenda hospitali mwenyewe kwa miguu, kanga imemzunguka kiuno. Mlangoni nesi akasema nguo za nje haziingii chumba cha kujifungulia. Inamahoro akasimama. Nesi akasema tena. Tungeweza kuwa pale hadi leo. Benigna akamfungua binti yake kanga, akamwambia aingie, atamsikia. Akazunguka hadi chini ya dirisha, akaitundika juu ya ua wa michongoma, akaanza kuimba, saa sita mchana, jua kali, watu wanapita na vyombo vya chakula cha wagonjwa. Mlinzi akaja akamwambia hapa ni hospitali, anyamaze.

"Mwache aite," Minani akasema.

Ndiyo siku niliyoijua sauti yake. Ni nzito, na nadhani ndiyo sababu anaibana. Mlinzi akaondoka. Minani akasimama kando ya mkewe akaimba naye, maana majina ya ng'ombe alikuwa anayajua yote. Walirudia toka mwanzo mara nyingi. Walikuwa katikati ya kundi wakati mtoto alipolia ndani, kilio cha kukasirika, na Benigna akanyamaza, kisha akakaa chini kwenye majani. Ni msichana. Wamemwita Ishimwe Josepha, na sasa anatembea na kuvunja vikombe vyangu kila wanapokuja mjini.

Januari iliyopita mkwe wangu Khole alikuwa na mimba ya miezi minane. Jioni ya mwisho ya mwezi nilichukua kanga nzuri dukani, nikasema bismillahi, nikaianika uani. Mwanangu Fauzi akanikuta, akauliza nguo mpya inafanya nini nje na wingu limetanda. Nikamwambia ni mila yetu, ya tangu Oman. Akasimama akinisikiliza, halafu akauliza na hicho ninachoimba ni Kiarabu cha wapi. Nikamwambia aninyamazie kidogo, kuna ng'ombe wawili bado hawajarudi.